Kifurushi cha miche mchanganyiko kutoka kitalu cha Morogoro: tathmini kwa anayeanza bustani ya matunda ya kilimo hai

Anayeanzisha bustani ndogo ya matunda kwa kilimo hai hufanya uamuzi mzito kuliko yote siku anaponunua miche. Mkulima anayetumia kemikali akipata mche dhaifu anaweza kuutegemeza kwa dawa na mbolea za viwandani kwa misimu kadhaa, lakini aliyechagua kulima bila vitu hivyo anategemea nguvu ya mti wenyewe: mizizi iliyonyooka, kiungo kilichoshikana vizuri, na aina inayokubaliana na joto na udongo wa mahali ilipopandwa. Kwa sababu hiyo nimeona inafaa kuitathmini kwa kina huduma ambayo wakazi wengi wa Dar es Salaam na Pwani huikimbilia wanapopata kipande cha ardhi, yaani kifurushi cha miche mchanganyiko kinachouzwa na vitalu vya pembeni mwa barabara mjini Morogoro, na hasa kimoja kati ya vitalu hivyo, kilichopo chini ya milima ya Uluguru, ambacho hakina hata bango la jina.

Kifurushi hicho kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye nusu ekari, yaani takriban mita za mraba 2,000, ambaye hajawahi kupanda mti wa matunda. Ndani yake mna miembe, michungwa, miche michache ya ndimu na limau, mipapai, mistafeli, mipera, pasheni za kupandisha uzioni, na parachichi. Bei hujumuisha miche, usafiri wa kirikuu hadi shambani, na ziara moja ya bwana shamba anayefanya kazi na kitalu, ambaye huja kabla mashimo hayajachimbwa. Shamba langu liko Kisarawe, kwenye udongo wa kichanga unaokauka upesi, na miti imeshapita masika mawili, muda unaotosha kuona kilichoshika na ambacho hakikushika, ingawa kwa miembe na michungwa bado ni mapema kuzungumzia mavuno.

Kinachostahili sifa bila kusita ni kazi ya kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo, kijiti kilichokatwa kwenye mti mama wa aina inayotakiwa, juu ya shina la chini la mche mwingine. Mafundi wa kitalu hiki huchagua shina la chini na kikonyo vyenye unene unaolingana, huunganisha katika kimo cha sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye udongo, na huondoa ukanda wa nailoni kabla mche haujauzwa, jambo ambalo vitalu vingi husahau, na matokeo yake ukanda huo hulikaba shina linaponenepa mpaka mti huvunjika kwa upepo ukiwa tayari una umri wa kuzaa. Kimo cha kiungo si suala la sura tu. Kwa michungwa, ambayo hapa hubebeshwa juu ya mlimau wa kienyeji, shina la chini huvumilia ukame na kichanga, lakini hushambuliwa kwa urahisi na vimelea vya udongoni vinavyosababisha ugonjwa wa kutoa gundi shinani, na kiungo kikiwa chini sana, matone ya mvua hurusha udongo wenye vimelea hadi kwenye kidonda. Asiyetumia dawa za viwandani za ukungu anapaswa kuukataa mche wowote wa mchungwa ambao kiungo chake kimekaribia udongo, na katika kitalu hiki sikuona hata mmoja wa namna hiyo.

Faida ya kubebesha kwa anayeanza ni ya wazi: mwembe uliobebeshwa huanza kuzaa ukiwa na miaka 3 au 4, ilhali uliotokana na kokwa huweza kuchukua miaka 6 au zaidi, tena bila uhakika kwamba tunda litafanana na la mti mama. Nilipenda pia kwamba mnunuzi anaruhusiwa kwenda nyuma ya kitalu na kuiona miti ambayo vikonyo hukatwa, kwa kuwa mche wenye virusi hauonyeshi dalili mapema, na uthibitisho pekee ambao mnunuzi wa kawaida anaweza kuupata kwa macho ni afya ya mti mama.

Mizizi ndiyo sehemu ambayo wanunuzi wengi hawaikagui, kwa sababu imefichwa ndani ya kiriba, ule mfuko wa plastiki ambamo mche hukuzwa. Kitalu hiki kinakubali mnunuzi apasue kiriba kimoja kwa kila aina ya mche, na ninamsihi kila anayekwenda huko aitumie ruhusa hiyo. Miembe na michungwa ilikuwa na mizizi mizuri, ya rangi ya kahawia isiyokolea, iliyoshuka moja kwa moja. Mipera na mistafeli haikuwa hivyo: ilikuwa imekaa kitaluni muda mrefu mno, mizizi ikawa imejizungusha chini ya kiriba, na mingine imetoboa plastiki na kuingia ardhini, kiasi kwamba mche unapong'olewa hukatika mzizi mkuu. Mti wa namna hiyo hupona kwa sura, hutoa majani mapya, kisha hudumaa mwaka wa pili wakati ule unapotakiwa kujitafutia maji chini, na kwenye kichanga cha Pwani, ambako kipindi cha kati ya masika na vuli ni kirefu na kikavu, udhaifu huo unatosha kuuua. Nilikataa ile iliyoharibika zaidi na wakaibadilisha bila ubishi. Hata hivyo mnunuzi asiyejua angeondoka nayo, na kitalu kinachowahudumia wanaoanza hakipaswi kuiacha miche hiyo mezani.

Kasoro kubwa zaidi ni lebo. Miche ya embe ilikuwa imepangwa kwa mafungu, Dodo huku, Apple kule, Kent na Tommy Atkins mbele, lakini ilipopakiwa kwenye gari ilichanganywa, na hakuna mche uliokuwa na alama yake. Kwa mkulima wa kilimo hai huu si upungufu mdogo. Aina za embe hutofautiana sana katika kuvumilia chule, ule ukungu unaoyachoma maua na kuacha madoa meusi kwenye tunda: Tommy Atkins huuvumilia vizuri, Kent na Apple hushambuliwa kwa urahisi, na Apple husumbuliwa pia na ubwiriunga, ukungu mweupe kama unga, wakati wa kuchanua. Ukijua kwamba mstari fulani ni wa Apple, unaupanda sehemu yenye hewa ya kutosha, unapogoa matawi ya ndani ili jua liingie, na unakuwa na unga wa salfa tayari kabla maua hayajafunguka, kwa kuwa salfa ni miongoni mwa vitu vinavyoruhusiwa katika kilimo hai. Usipojua, utangoja hadi mti uzae ndipo ujue una nini. Mnunuzi aende na vipande vya kitambaa vya rangi mbalimbali na ausimamie upakiaji yeye mwenyewe, akifunga rangi moja kwa kila aina. Ni kazi ya muda mfupi ambayo kitalu kilipaswa kuifanya.

Kuhusu parachichi, ushauri unaotolewa pale haufai kwa watu wa Pwani. Fundi aliniambia kwa uhakika mkubwa, "Mama, Hass inaota popote, wewe mwagilia tu." Hass inastawi katika nyanda za juu zenye ubaridi, kama Njombe, Rungwe na miteremko ya Kilimanjaro, na kuipeleka Kisarawe, Mkuranga au Bagamoyo ni kumwandaa mkulima kwa miaka ya kumwagilia mti ambao utachanua na kuyaangusha maua. Maeneo ya joto ya nyanda za chini yana parachichi zake, zile kubwa za kienyeji zenye ganda laini na nyama yenye maji mengi, ambazo hazina mafuta kama Hass lakini huzaa bila kubembelezwa, na nilipoziulizia nikaambiwa hazina soko. Soko la kusafirisha nje hazina kweli, lakini mwenye nusu ekari anayelenga meza ya nyumbani na wateja wa Buguruni au Temeke hahitaji soko la nje. Kwa wasomaji wa nyanda za juu ambao Hass inawafaa, wajue kuwa kitalu hiki huuza Hass peke yake, ilhali bustani ndogo hunufaika sana ikiwa na mti mmoja au miwili ya Fuerte. Ua la Hass hufunguka kwanza asubuhi likiwa jike, hufunga, kisha hufunguka tena mchana wa siku ya pili likiwa dume. La Fuerte hufanya kinyume chake, jike mchana na dume asubuhi inayofuata, hivyo aina hizo mbili hupeana chavua kwa saa zinazolingana, mradi nyuki wawepo.

Jambo moja lilinisikitisha, na nalisema kwa uzito wake. Pamoja na miche, mnunuzi hupewa chupa ya maji ya rangi ya kijani isiyo na maandishi yoyote, akielezwa kwamba ni "dawa ya asili" ya kuua wadudu na kukuza majani. Nilipouliza imetengenezwa kwa kitu gani sikupata jibu. Kiuatilifu chochote kinachouzwa Tanzania kinapaswa kuwa kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na chupa isiyo na jina, kiambato wala namba ya usajili haipaswi kuingia katika shamba lolote, sembuse shamba ambalo mwenyewe anatarajia kuuza matunda yake kwa nembo ya kilimo hai. Niliirudisha. Anayehitaji dawa ya mimea anaweza kuitengeneza mwenyewe kwa viini vya mbegu za mwarobaini vilivyokaushwa kivulini na kutwangwa, gramu 50 kwa kila lita ya maji, vikalala usiku kucha, vikachujwa na kupuliziwa jioni, kwa maana jua kali huidhoofisha dawa hiyo upesi. Inasaidia dhidi ya vidukari na vidung'ata, wale wadudu wadogo weupe wanaofyonza utomvu, kwenye majani machanga ya mchungwa, mradi ipuliziwe pia upande wa chini wa jani.

Ziara ya bwana shamba, kwa upande mwingine, ina thamani kuliko bei ya kifurushi kizima. Alitembea shambani kwa utulivu, akachimba udongo sehemu kadhaa, akamwaga maji shimoni kuangalia yanavyonywea, akauliza upepo wa kusi unaingilia upande gani, kisha ndipo akazungumzia miti. Aliweka migomba na mikunde mirefu upande wa kusini mashariki ili kuvunja upepo, miembe katika nafasi ya mita 8 kwa 8, michungwa mita 6 kwa 6, na mistafeli na mipera pembezoni. Mipapai aliiweka katikati ya miembe, kwa sababu mpapai huanza kutoa matunda kabla ya mwaka kwisha au muda mfupi baadaye, hulipa gharama za miaka ya mwanzo, na huwa umekwisha nguvu wakati mwembe unapoanza kutaka nafasi yake. Alishauri kila shimo la mpapai lipandwe miche 3, kisha ing'olewe inapochanua na kubaki mmoja, kwa kuwa mpapai dume, unaojulikana kwa maua yake yanayoning'inia kwenye vijiti virefu, hautakiwi isipokuwa mmoja au miwili kwa ajili ya chavua. Ushauri huo uliokoa nafasi nyingi, maana dume zilikuwa nyingi.

Nafasi kati ya miti haikuachwa wazi. Alitaka kunde na choroko zipandwe mwanzoni mwa mvua, zikatwe kabla hazijakauka kabisa na kulazwa juu ya udongo, na huo ndio msingi wa rutuba katika bustani isiyotumia mbolea ya dukani, kwa sababu kichanga hakishiki kitu: maji hupita, na samadi nayo hupungua upesi isipofunikwa. Mashimo yalichimbwa sentimita 60 kila upande, udongo wa juu ukatengwa na wa chini, na ule wa juu ukachanganywa na debe moja hadi mawili ya samadi iliyooza sawasawa. Alisisitiza mambo mawili ambayo ninayaona yanapuuzwa mara nyingi. La kwanza ni kwamba samadi mbichi huunguza mizizi na, pamoja na majani makavu yasiyooza, huwaita mchwa, ambao kwa maeneo ya Pwani ndio wauaji wakubwa wa miche michanga. La pili ni kwamba matandazo yawekwe kwa wingi lakini yaachwe umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, ili shina lipate hewa na mchwa wasipate njia ya kujificha. Udhaifu wa ziara hii ni kwamba ni moja tu. Anayeanza huhitaji kutembelewa tena baada ya miezi 3 au 4, wakati maotea ya shina la chini yanapochipua chini ya kiungo. Asipoelekezwa kuyakata, atafurahia mti unaonawiri, kumbe kinachonawiri ni mlimau wa chini na mchungwa wenyewe umekufa juu yake. Kwa kuwa kitalu hakifundishi hayo, ningemshauri mtu yeyote atenge fedha kidogo kwa mafunzo ya kilimo hai, na Morogoro penyewe yanapatikana kwa shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, ambalo limekuwa likifundisha wakulima tangu mwaka 2011.

Kuhusu wadudu, kifurushi kina mtego mmoja wa inzi wa matunda wenye kivutio cha methili eujenoli, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba mtego huo utamaliza tatizo. Hautalimaliza. Kivutio hicho huwaita madume tu, kwa hiyo kazi yake kubwa ni kumwonyesha mkulima lini inzi wameanza kuongezeka. Inzi anayetusumbua zaidi, Bactrocera dorsalis, aliyetambuliwa Afrika Mashariki mwaka 2003, hutaga mayai chini ya ganda la embe linalokaribia kuiva; mabuu hula ndani, tunda huanguka, na mabuu huingia udongoni kugeuka inzi wapya. Kinachovunja mzunguko huo ni usafi: kuokota matunda yaliyoanguka kila siku na kuyafukia kina cha nusu mita au zaidi, au kuyafunga kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani hadi kila kilichomo kife. Nusu ekari ni eneo ambalo mtu mmoja anaweza kulifanyia hivyo bila kuchoka, na hapo ndipo bustani ndogo inapolizidi shamba kubwa.

Wala bwana shamba hakuwataja maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya miti kuwa viota, ambao mkulima mgeni hukimbilia kuwachoma kwa sababu wanauma. Hao ni walinzi wa miti ya Pwani. Huwinda viwavi na kunguni wanaofyonza matunda machanga, na uwepo wao juu ya matawi huwafanya inzi wa matunda wasitulie kutaga. Kwenye michungwa inabidi kuwaangalia, kwani huwatunza vidung'ata kwa ajili ya maji matamu wanayoyatoa, lakini kwenye miembe, mikorosho na minazi faida yao ni kubwa kuliko maumivu. Waachwe, waunganishiwe miti kwa kamba ili wavuke, na mavuno yafanyike alfajiri wakiwa bado wamepoa.

Kwa bei, miche ya embe na parachichi ilikuwa shilingi 5,000 kila mmoja, michungwa 4,000, mipapai 1,500, na kifurushi kizima pamoja na usafiri na ziara kilifikia shilingi 420,000. Si bei ya chini, na ukiinunua miche mmoja mmoja na kuisafirisha kwa lori linalorudi Dar es Salaam unaweza kuokoa kiasi cha kuonekana, lakini ungeikosa ziara, ambayo nimeshasema ndiyo yenye thamani. Bustani ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambayo iko mji huohuo, ni mahali pengine pa kuitafuta miche, na anayeanza aipitie kabla ya kufunga makubaliano na yeyote. Kitalu nilichokitathmini hubadilisha mche unaokufa ndani ya miezi 3, kwa sharti kwamba mnunuzi aurudishe ukiwa na kiriba chake, sharti ambalo haliwezekani kwa mtu aliyekwisha kupanda. Picha ya mche shambani ingetosha, na nimewaandikia kuwaomba walibadilishe.

Anayekusudia kuuza kwa nembo ya Kilimohai, inayoendana na kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki kilichopitishwa mwaka 2007, adai stakabadhi inayotaja kila aina ya mche na dawa zilizopuliziwa kitaluni, kwa sababu atakapojiunga na kikundi cha wakulima wanaokaguana kupitia mfumo shirikishi, ambao gharama yake mkulima mdogo huimudu, swali la kwanza litahusu miche ilitoka wapi. Nilipoiomba niliandikiwa kwa mkono, vizuri na kwa ukamilifu, ila haitolewi kwa asiyeiomba. Oda ya masika iwekwe Desemba au Januari, kwani ifikapo Machi miche mizuri huwa imekwisha na inayobaki ni ile iliyokaa sana, na gari lisafiri usiku, miche ikiwa imefunikwa turubai, kwa sababu upepo wa barabarani mchana hukausha majani ya mche uliobebeshwa kabla haujafika Chalinze.